Kuifuata shaba kinyumenyume: Jinja, Kilembe, Ziwa George

Jumatatu, Makuutu

Nimeamua kulifuata gari la umeme kinyumenyume, kutoka linakoundwa hadi kunakochimbwa vitu vyake. Nimeanzia Busoga, wilaya ya Bugweri, kwa sababu wengi tunaojadili betri tukiwa Kampala huisema Kongo na kobalti yake peke yake, na hatujui kwamba shimo jingine linaandaliwa hapa hapa kwetu.

Makuutu hakuna mlima wala jabali. Kuna mahindi, mihogo, migomba, na udongo mwekundu unaong'ang'ania viatu. Mali yenyewe ndiyo huo udongo. Umeshika madini adimu kama neodimiamu na disprosiamu, ambayo hutengenezewa sumaku za mota nyingi za magari ya umeme. Leseni ya uchimbaji mkubwa ilitolewa mwaka 2024. Kwa kuwa udongo wenyewe uko karibu na uso wa ardhi, hauhitaji baruti wala handaki. Huoshwa kwa maji yenye chumvi ya amonia, madini yakaachia, kisha udongo unarudishwa ulikotoka. Ukisimuliwa hivyo unaona ni kazi safi. Lakini huko Ganzhou, kusini mwa China, walikotangulia kuchimba udongo wa aina hii, vijito vimebaki na amonia muda mrefu baada ya wachimbaji kuondoka.

Mama mmoja aliyekuwa akipalilia mihogo aliniuliza swali ambalo sijalisikia kwenye semina yoyote: "Mwanangu, huo udongo wakishauosha, utaotesha tena?" Alisema amewauliza waliokuja kupima shamba lake, wakamwambia watamjibu. Nimeliandika kama alivyolisema.

Jumanne, Jinja

Jinja ni mji ambamo historia hii imekunjwa pamoja. Bwawa la Owen Falls, ambalo leo tunaliita Nalubaale, lilifunguliwa mwaka 1954. Miaka miwili baadaye reli ilifika Kasese, na treni zikaanza kuleta hapa unga wa shaba kutoka Kilembe, ukayeyushwe kwa umeme wa mto Naili. Kwa miaka mingi shaba ilifuatia kahawa na pamba katika kuiingizia Uganda fedha za kigeni.

Leo katika mji huu huu, Kampuni ya Kiira imejenga kiwanda cha mabasi ya umeme. Mbegu yake ilikuwa gari dogo lililoundwa na wanafunzi na walimu wa Chuo Kikuu cha Makerere mwaka 2011. Mimi nayaunga mkono mabasi haya kwa moyo wote. Umeme wetu kwa sehemu kubwa unatoka kwenye maji: Nalubaale, Bujagali, Isimba, na sasa Karuma yenye megawati 600. Basi linalochajiwa hapa halichomi makaa ya mawe ya mtu yeyote. Na aliyewahi kusimama Kampala jioni nyuma ya basi la dizeli anajua kifua chake kinachomdai.

Nilimtafuta mzee aliyefanya kazi kwenye tanuri la shaba akiwa kijana. Ana kumbukumbu kali. Alinieleza jinsi unga ulivyofika, wa kijivu, mzito kuliko unavyouonea, na jinsi moshi wa salfa ulivyokaba koo siku ambazo upepo haukuvuma. Nikamuuliza kama waliwahi kufikiria yaliyobaki kule Kilembe baada ya shaba kutolewa.

"Sisi tulikuwa mwisho wa reli," akasema. "Behewa likifika tunashusha. Ya huko linakotoka tuliyajulia wapi, kijana wangu?"

Hata sasa, kiwanda cha betri kilichoko ng'ambo, muuza basi, na mimi abiria, sote tuko mwisho wa reli.

Jumatano, njiani

Kampala nimepita asubuhi tu. Kwenye kituo cha kubadilishia betri za boda boda za umeme nilipiga soga na fundi kijana anayezijua betri zake vizuri kuliko wanaozipigia kelele mitandaoni. Alinikumbusha jambo ambalo mjadala wetu huliruka: betri si za aina moja. Zipo zenye nikeli na kobalti, nyepesi na zenye nguvu nyingi, na zipo za chuma na fosfati, ambazo hazina kobalti hata chembe. Za pili ni nzito kidogo lakini hudumu na hazishiki moto kwa urahisi, na ndizo zinazopendwa kwenye pikipiki na mabasi mengi.

Habari njema, ila haimalizi hesabu. Hata betri isiyo na kobalti ina lithiamu na grafiti, na ina karatasi ya shaba ndani yake. Gari lenyewe lina nyaya na mota: gari la umeme hutumia shaba zaidi ya mara mbili ya gari la petroli. Grafiti tunayo pia, huko Orom, wilaya ya Kitgum. Kwa hiyo kubadili aina ya betri kunaweza kumpunguzia mzigo mtoto anayeokota mawe ya kobalti Kolwezi, kule Kongo, bila kumpunguzia chochote mkulima wa Kitgum.

Kisha basi, Mubende, Fort Portal, mashamba ya chai, na giza likatukuta tunashuka kuelekea Kasese.

Alhamisi, Kilembe

Kutoka Kasese mjini unapanda bonde la mto Nyamwamba, milima ya Rwenzori ikikubana kulia na kushoto. Boda aliyenipakia ni Mkonzo, Kiswahili chake kina ladha ya Kongo, na njia nzima alikuwa akinionyesha vitu visivyokuwepo. "Hapa palikuwa na nyumba. Pale palikuwa na daraja. Hapo ndipo hospitali ilipokuwa na wodi." Mafuriko ya Mei 2013 yaliivamia hospitali ya Kilembe, na ya Mei 2020 yakarudi kuimalizia. Mawe yaliyoletwa na mto bado yametapakaa bondeni, mengine makubwa kama teksi.

Mgodi ulianza kutoa shaba mwaka 1956 na ukasimama mwanzoni mwa miaka ya 1980, baada ya bei kuanguka na nchi kuvurugika. Kwa muda huo zilichimbwa tani zipatazo milioni 16 za jiwe lenye shaba isiyofika hata asilimia mbili. Katika kila kilo mia za jiwe, shaba yenyewe haikufika kilo mbili. Unga wake ulipanda treni kwenda Jinja, na sehemu kubwa ya jiwe ikabaki hapa, imesagwa, ikamwagwa popote penye nafasi kwenye bonde jembamba lenye mto katikati.

Nimesimama juu ya mojawapo ya marundo hayo. Ukiwa mbali utadhani ni kilima cha kawaida. Ukikaribia unaona rangi: kijivu, manjano, sehemu nyingine rangi ya kutu. Ni mchanga laini ambao mto unaulamba kutoka chini, na kila mafuriko hupunguza kipande. Mawe haya yana pairaiti, yaani chuma kilichoshikamana na salfa. Yakiwa ndani ya mlima hayana ubaya. Yakisagwa, yakakutana na hewa na mvua, hugeuka asidi. Asidi nayo huyeyusha shaba, kobalti na nikeli zilizobaki, ikazikabidhi kwa maji. Kazi hii haihitaji meneja wala zamu ya usiku. Inaendelea tangu mgodi ulipofungwa, na itaendelea maadamu mvua inanyesha Rwenzori.

Watafiti wa Makerere na wenzao wamepima udongo, mboga na maji ya bonde hili, wakakuta shaba na kobalti zimepanda kuliko inavyotakiwa. Wenyeji hawahitaji maabara kujua kuna jambo. Dada mmoja aliyekuwa akichuma dodo, yaani mchicha, kando ya mto aliniambia kuna sehemu za shamba mboga zinaota vizuri, na hatua chache tu kutoka hapo hazioti kabisa. Nilimuuliza kwa nini analima hapa.

"Nilime wapi, kaka? Mlima ni hifadhi. Chini ni hifadhi. Katikati ndiko tuliko sisi."

Ni kweli tupu. Juu kuna Hifadhi ya Milima ya Rwenzori, chini kuna Hifadhi ya Malkia Elizabeth, na katikati wamebaki watu, mto na mabaki ya mgodi. Vijana wanachota mchanga mtoni kwa ajili ya ujenzi, akina mama wanafua, watoto wanaogelea. Nimewatazama watoto hao muda mrefu na nimekasirika, nasema wazi. Shaba iliyotoka hapa ilijenga heshima ya nchi. Wazazi wao hawakuachiwa hata ukuta wa kuzuia mchanga usiingie mtoni.

Jambo jingine linaniuma nikiutazama mlima wenyewe. Theluji ya Rwenzori, iliyopimwa mara ya kwanza mwaka 1906, ilikuwa imebaki chini ya kilomita moja ya mraba mwanzoni mwa karne hii. Tunataka magari ya umeme ili kuipunguza hewa chafu inayoipasha dunia joto, hivyo mlima huu unayahitaji magari hayo kuliko mlima wowote ninaoujua. Na mlima huu huu ndio unaotazamwa tena kwa shaba na kobalti yake. Mwaka 2013 serikali ilitoa mkataba wa miaka 25 kwa kampuni ya Kichina kuufufua mgodi, na mwaka 2017 ukavunjwa. Kilembe nzima inasubiri mgodi ufufuke. Nilipouliza watu kama wanautaka mgodi, sikumpata aliyesema hapana. Wanataka kazi. Wanataka hospitali irudi.

Jioni nilikula bundu na sombe kwa familia ya yule boda. Mama yake ananunua maji ya kunywa. Anaishi mita chache kutoka mtoni.

Ijumaa, Rukoki na Ziwa George

Leo nimeona kitu ambacho kimebadilisha mawazo yangu, na nitakieleza kwa kirefu.

Enzi za mgodi, pairaiti yenye kobalti ilitengwa na shaba na kulundikwa nje ya mji wa Kasese. Kwa miongo kadhaa rundo hilo lilinyeshewa mvua. Asidi yake ikateremka kuelekea Rukoki na kuingia ndani ya Hifadhi ya Malkia Elizabeth, ikachora ukanda mrefu usioota hata nyasi, katika nchi ambayo kila upande wake ni kijani. Vipande vya ukanda huo bado vipo, vitupu. Nimevitembelea na mlinzi mmoja mstaafu anayekumbuka palipokuwa na kobe na swala.

Mwaka 1999 kikafunguliwa hapa kiwanda cha kobalti, na malighafi yake ilikuwa lile rundo lenyewe. Teknolojia yake ilikuwa ya kuvutia mno: ndani ya matangi makubwa yenye maji ya moto kiasi waliwekwa bakteria wanaoishi kwa kula pairaiti. Bakteria wanafanya kwa siku chache, ndani ya tangi, kile ambacho mvua ilikuwa ikikifanya kwa miaka huko nje: wanaivunja pairaiti, kobalti inaachia kwenye maji, kisha asidi inatulizwa kwa chokaa na kobalti inavunwa. Baada ya miaka kumi na kitu rundo likaisha, na kiwanda kikafungwa. Siwezi kusema kilikuwa malaika, kwa maana na chenyewe kiliacha tope lake lililohitaji kuhifadhiwa. Lakini sehemu kubwa ya sumu iliyokuwa wazi ilikusanywa, ikauzwa, watu wakalipwa mishahara.

Fikiria maana yake. Uganda imewahi kuuza kobalti duniani bila kuchimba shimo jipya hata moja. Iliipata kwa kusafisha.

Ndiyo maana naona mjadala wa Kilembe umeshikwa upande usio wake. Tumekuwa tukiulizana nani apewe mgodi, asilimia ngapi ibaki nchini, na kama shaba isafirishwe ghafi au la. Maswali mazuri, lakini la kwanza lilipaswa kuwa yale marundo ya bondeni. Mchanga ule bado una shaba na kobalti, kidogo, ila umeshachimbwa na umeshasagwa, na kusaga ndiko kunakokula umeme mwingi kuliko kazi nyingine mgodini. Atakayeufufua mgodi aanze na huo. Auondoe kandokando ya Nyamwamba, atoe kinachotoka, kinachobaki akihifadhi mahali ambapo mto haufiki. Akishindwa kuutunza uchafu wa zamani ambao kila mtu anauona, nitaamini vipi atautunza wake? Na gharama ya kufunga mgodi iwekwe benki siku ya kwanza, kabla ya jiwe la kwanza kutoka. Fedha ya kusafisha inayosubiri faida ya miaka ya mwisho haijawahi kufika Kilembe.

Nafahamu nitajibiwa kwamba sharti kama hilo litamkimbiza mwekezaji. Akikimbia kwa sababu ya hilo, basi faida aliyokuwa ameikadiria ilitoka mfukoni mwa yule dada wa dodo.

Mchana nilishuka Kahendero, kijiji cha wavuvi kwenye ukingo wa Ziwa George. Mnamo 1988 ziwa hili lilikuwa eneo la kwanza la Uganda kuorodheshwa chini ya Mkataba wa Ramsar wa kulinda ardhi oevu. Kina chake kwa wastani hakifiki mita tatu. Kwa ziwa la namna hiyo, kinachozama hakiendi mbali, upepo ukivuma tope la chini linapanda tena. Watafiti wamekuta shaba na kobalti ndani ya tope hilo, na mafunjo ya kaskazini mwa ziwa, mito inapoingilia, yanafanya kazi ya kuchuja ambayo hakuna anayeyalipa. Kila shamba jipya linalofyeka mafunjo linaondoa chujio hilo.

Wavuvi walikuwa wakishusha ngege. Hawakupenda maswali yangu, na nawaelewa: mwandishi akiandika kwamba samaki wana sumu, wanunuzi wa Kasese hawatasoma aya ya pili. Kwa hiyo niseme vizuri. Ninachokijua ni cha tope na maji ya mito, wala simwambii mtu asile ngege wa Kahendero. Mimi nimewala leo. Nasema wavuvi wanastahili kupimiwa samaki wao mara kwa mara na kupewa majibu kwa lugha wanayoielewa, kwa gharama ya atakayefaidika na mgodi.

Jumamosi, Mpondwe

Soko la mpakani. Mihogo, mawese, chumvi ya Katwe, vitenge, samaki wakavu. Watu wanavuka daraja huku na huku, Wakonzo wa kwetu na Wanande wa ng'ambo, ndugu waliogawanywa na mstari wa ramani, na Kiswahili kikizungumzwa kuliko nilivyokisikia popote Uganda.

Maji ya Ziwa George hupita mfereji wa Kazinga hadi Ziwa Edward, ambalo sehemu yake kubwa iko Kongo. Mfanyabiashara wa mawese kutoka Butembo hakushangaa nilipomweleza. "Tangu zamani mnatuletea maji," akasema, "na sisi tunawaletea mawese."

Kaka yake yuko Kolwezi, mkoa wa Lualaba, mbali sana kusini. Alinisimulia anayopata kwa simu. Kongo hutoa takriban asilimia 70 ya kobalti ya dunia, nyingi kutoka migodi mikubwa yenye mitambo, lakini sehemu yake hutolewa na wachimbaji wadogo kwa sululu na kamba. Mahandaki yao hayana nguzo. Wanawake na watoto huokota na kuosha mawe. Mwaka 2014 UNICEF ilikadiria kwamba watoto wapatao 40,000 walikuwa wakifanya kazi migodini kusini mwa nchi hiyo. Mzigo huuzwa kwenye depo za wanunuzi, kama zile za soko la Musompo, unapimwa kwa mizani ya mnunuzi mwenyewe, kisha unachanganywa na mwingine. Ukishachanganywa hakuna tena anayeweza kusema hii ni ya mtambo na hii ya mtoto.

Nilimuuliza kama tuache kununua vitu vyenye kobalti ya Kongo. Alinitazama kama mtu aliyesikia swali hilo kutoka kwa wageni wengi.

"Ndugu yangu, kaka hakwenda Kolwezi kwa kutojua hatari. Alikwenda kwa ajili ya ada ya shule. Februari 2025 serikali yetu ilipozuia kobalti isitoke nchini, bei kwenye depo ikashuka, na yeye akawa anashuka shimoni muda mrefu zaidi ili apate ile ile. Mkiacha kununua, hatapanda juu. Atakwenda kwenye dhahabu."

Anachotaka yeye ni mizani ya serikali, nguzo mahandakini, na shule isiyodai ada, kwa mpangilio huo. Aliongeza kwamba watu huja na kamera kupiga picha watoto, na wakishaondoka hakuna anayerudi kuuliza kama mizani imebadilika. Nilifunga daftari hapo kwa muda. Nilikuwa nimekuja na hoja kwamba kobalti ya Kilembe, ikitolewa kwa mabaki, ingekuwa safi kuliko ya Kolwezi. Bado naamini hivyo. Lakini kwake yeye usafi wa betri yangu haukuwa habari ya kwanza.

Aliuliza kwa makini jinsi kile kiwanda cha Kasese kilivyofanya kazi, kilihitaji watu wangapi wa mikono, kama kulikuwa na zamu, kama mtu asiye na cheti angechukuliwa. Nilimweleza niliyoyasikia Rukoki, na kwamba kuondoa marundo ya bonde zima ni kazi ya miaka, ya malori na ya koleo pia.

"Na mgeni kutoka ng'ambo hii, wangempokea?"

Nikamwambia familia nyingi za Kilembe zina asili huko huko kwao, ila vibali ni vibali. Akatoa simu, akaomba namba yangu, akaihifadhi, kisha akanitajia polepole namba ya kaka yake, tarakimu moja moja, hadi akahakikisha nimeiandika sawasawa.